Robine moja, watu 268: namna ya kugawa maji ya avenyu bila kupigana

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa daftari la maji la avenyu (mtaa) yake. Kiongozi wa nyumba kumi amekuita jioni, akakuambia wewe umesoma kidogo, wewe ndiye utakayeshika mambo ya maji. Ukaitikia kabla ya kufikiri. Nami niliitikia hivyohivyo, huku Majengo, mtaa wa Goma, na wiki ya kwanza nilijuta. Yaliyomo humu niliyajua baada ya kukosea, kwa hiyo usione aibu kuyachukua yakiwa tayari.

Mgeni akifika Goma, mashariki mwa Kongo, hushangaa: mji umekaa mdomoni mwa ziwa, na watu wanalilia maji. Mwenyeji anajua sababu. Tumejenga juu ya mawe ya volkano, mvua ikinyesha inazama kama uliyemwagia maji kapu. Hatuna mto unaopita mjini, na kisima hakichimbwi kwa jembe. Maji yanavutwa ziwani kwa pampu na kupandishwa juu, na pampu inataka umeme. Umeme ukilala, robine (bomba la kutekea maji) nayo inalala. Nyiragongo, volkano yetu, ilipotapika tarehe 22 Mei 2021 iliharibu mabomba na tangi, watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme ukakatika, tulirudi tena ziwani na bidoni (madumu ya maji) kichwani. Basi usiifikirie kazi hii kuwa ya mwezi mmoja.

Hesabu watu, usihesabu parseli

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Siku ya kwanza niliamua, kwa akili ya haraka, kwamba kila parseli (kiwanja chenye nyumba) ipate bidoni tano. Ilionekana ni haki: parseli kumi na tisa, tano tano, tumemaliza. Mama mmoja akaja, akasimama mbele yangu, akaniuliza polepole: "Papa, kwetu tuko batu makumi mbili na tatu. Kwa ule jirani wako batu tatu. Iyi hesabu ulifundishwa wapi?" Akamwaga nusu ya bidoni yake miguuni pangu, mbele ya watoto, akaondoka. Sikuwa nimewahi kuona maji yakimwagwa kwa hasira wakati wa ukame wa robine. Usiku ule sikulala vizuri.

Kwa hiyo pita nyumba kwa nyumba, jioni, saa watu wamerudi. Usiende peke yako: chukua mama mmoja anayeaminika na kijana mmoja. Swali ni moja tu: "Leo usiku wanalala hapa wangapi?" Usiulize wa familia ni wangapi, maana familia ina watu walio Butembo na Kampala. Usiulize wenye kadi. Uliza wanaolala. Ndugu waliokimbia vita kutoka Masisi au Rutshuru na kufikia kwa shangazi yao, hao wanahesabiwa. Mtumishi anayelala jikoni anahesabiwa. Mwenye parseli na mpangaji wanahesabiwa sawasawa, kichwa kwa kichwa. Mwenye parseli atakuambia robine iko mbele ya ukuta wake. Mjibu kwa heshima kwamba ukuta haunywi.

Mtoto mchanga je? Kuna baba atakayekuambia kitoto cha miezi miwili kinanyonya, hakina haja na maji yetu. Huyo hajafua nepi. Mtoto ahesabiwe mtu mzima.

Andika jina la parseli, idadi, na mwenyewe aweke sahihi au kidole. Kisha idadi zote zibandikwe kwenye karatasi ukutani, karibu na robine. Atakayejiongezea watu wanne wa hewani atakutana na macho ya jirani zake, na macho hayo yana nguvu kuliko wewe. Sisi tulianza na watu 281. Karatasi ilipokaa ukutani siku mbili, wakapungua wenyewe hadi 268, bila mimi kusema neno.

Pima robine

Chukua bidoni ya lita 20 na simu yenye saa. Fungua robine mpaka mwisho, hesabu sekunde hadi bidoni ijae. Fanya hivyo mara tatu: maji yanapofika, katikati, na karibu na kukatika, kwa sababu nguvu yake hushuka. Tumia wastani.

Kwetu bidoni ilijaa kwa sekunde 50. Ongeza sekunde 10 za kutoa bidoni na kuweka nyingine, unapata bidoni moja kwa dakika, yaani 60 kwa saa. Maji yalikuwa yakifika Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila safari. Hiyo ni bidoni 240. Sasa toa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya yanayomwagika, mabishano, na nguvu inayoshuka. Zinabaki 216. Usiigawe hata siku moja ile 240. Mtu uliyemwahidi bidoni ambayo haikufika atakukumbuka mpaka kaburini.

Fanya hesabu mbele ya watu

Tulikaa chini ya bati la mzee mmoja, nikaandika kwa chaki kwenye mlango. Bidoni 216. Kwanza ondoa 15 za akiba (nitaeleza). Zinabaki 201, ambazo ni lita 4,020. Gawanya kwa watu 268: kila mtu lita 15.

Watu wakapumua. Lita 15! Na kweli, viwango vya mashirika ya misaada duniani vinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Kwa siku. Zetu zilikuwa za siku tatu na nusu, na kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni nne kamili. Gawanya mwenyewe: chini ya lita 4 kwa siku, ambapo kunywa na chakula peke yake vinataka kati ya 2.5 na 3. Kimya kiliingia. Lakini kimya kile kilinisaidia, kwani tangu hapo hakuna aliyefikiri kwamba kuna maji yamefichwa mahali. Hesabu iliyofanyiwa chumbani inazaa maneno. Iliyofanyiwa mlangoni inazaa huzuni tu, na huzuni mnaweza kuibeba pamoja.

Lita 15 zina uzuri mmoja: watu wanne ni bidoni tatu kamili. Watu wanane, bidoni sita. Saba ni lita 105, yaani bidoni tano na kidumu kimoja cha lita 5. Kila familia inaweza kujihesabia bila kukuuliza.

Jetoni

Usitegemee kumbukumbu wala kelele. Kata jetoni, yaani vipande vya plastiki vya kudai maji, kutoka kwenye bidoni iliyotoboka: vikubwa vya lita 20, vidogo vya lita 5. Viwekee alama isiyoigika kirahisi. Sisi tulichoma alama kwa msumari wa moto, na kila mwezi tuliongeza tundu jipya mahali papya ili za zamani zisirudi. Karatasi haifai, inalowa. Kifuniko cha chupa hakifai, kila mtoto anacho mfukoni.

Jetoni zigawiwe asubuhi ya siku ya maji, kabla robine haijafunguliwa. Anayefika na jetoni anateka. Asiye nayo anasubiri mwisho, hata akiwa binamu yako. Hasa akiwa binamu yako.

Teka kwa mizunguko miwili

Hili ni jambo nililoambiwa na bibi mmoja aliyekuwa akiuza samaki Kituku, na ndilo lililookoa mambo yetu. Mwanzoni kila familia ilikuwa inateka maji yake yote kwa mara moja, kisha inampisha mwingine. Ikawa vizuri mpaka siku robine ilipokatika baada ya saa mbili na nusu. Parseli kumi na mbili za mbele zilikuwa zimejaza. Saba za nyuma hazikupata tone. Unaweza kuwaza jioni ile.

Bibi akasema: hata samaki ukiwapa watoto, humpi wa kwanza mzima halafu wa mwisho unamuonyesha miiba. Toka hapo tunafanya hivi: mzunguko wa kwanza kila familia inateka nusu ya haki yake, mpaka parseli ya mwisho. Ndipo mzunguko wa pili unaanza. Maji yakikatika katikati, hakuna aliyebaki mtupu, na walioikosa nusu ya pili wanaandikwa kwenye daftari. Safari inayofuata wao ndio wanafungua robine.

Mpangilio wa foleni nao uzunguke. Aliyeanza Jumanne anamaliza Ijumaa. Na foleni iwe ya bidoni, siyo ya watu: panga bidoni kwenye mstari tangu asubuhi, kila moja na rangi au uzi wa mwenyewe, watu wakae kivulini, mama wa maharagi aendelee na maharagi yake. Ukiwasimamisha watu juani kwa muda wa saa nne, ngumi zitakuja zenyewe.

Bidoni za akiba

Zile 15 hazina mwenyewe mpaka zipate sababu. Tuliandika sababu tatu na tukakataa ya nne: nyumba yenye mzazi aliyejifungua wiki hiyo, nyumba yenye mgonjwa wa kuhara, na nyumba yenye msiba. Harusi haimo. Kulikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu harusi, lakini harusi ina tarehe, mwenyewe anaweza kununua maji kwa watu wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo). Kifo hakitoi mwaliko.

Mgonjwa wa kuhara ndiye wa kwanza katika hao watatu. Sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa kipindupindu ni nini: Julai 1994 kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika kambi zilizouzunguka mji huu, na mpaka leo hakijatuacha moja kwa moja. Mtu akianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja, na njiani anywe kidogokidogo: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Huwezi kumwambia mama wa mgonjwa asubiri Ijumaa.

Akiba isipotumika, siku ya maji inayofuata inagawiwa kwa parseli zenye wazee wanaoishi peke yao, na akiba mpya inatekwa.

Mikono mitatu

Ufunguo wa robine kwa mmoja, jetoni kwa mwingine, daftari kwa wa tatu. Wasiwe wa parseli moja wala ukoo mmoja. Mmoja wao akitaka kuiba atalazimika kuwashawishi wawili, na katika avenyu yetu watu watatu hawajawahi kukubaliana hata kuhusu saa.

Pesa nazo zina mahali hapa. Robine inayofunguliwa na kufungwa mara mia mbili kwa siku inakula mpira wake wa ndani, na fundi bomba hatengenezi kwa salamu. Kila familia itoe faranga kidogo kwa mwezi, kiasi kilekile kwa wote, iandikwe mbele ya macho yao. Asiye na uwezo afagie na kuchimba mfereji wa maji yanayomwagika. Asinyimwe maji kwa sababu ya deni.

Wafanyabiashara na wenye cheo

Mama wa malewa (mkahawa mdogo) anapikia watu thelathini. Anayetengeneza kasiksi (pombe ya ndizi) anataka mapipa. Kijana wa chukudu anajaza bidoni kumi na mbili na kwenda kuziuza Himbi. Hawa si wabaya, wanalisha watoto. Lakini maji ya nyumba ndiyo ya kwanza: wao wanahesabiwa kama watu wanaolala kwao, na maji ya biashara yanatoka kwenye mabaki baada ya mzunguko wa pili, yakiwepo. Waambie mapema, wasije wakaitegemea robine kisha wakutukane.

Mwenye cheo ni habari nyingine. Siku moja gari lilisimama, akashuka mtu na bidoni nane, akasema maneno mawili tu: "Tieni maji." Mimi nilikuwa tayari kutetemeka. Yule mama wa bidoni iliyomwagwa, maana sasa alikuwa ndiye mshika jetoni, akamsogezea kiti, akamwambia: "Karibu, papa. Karatasi iyi hapa ukutani. Jina lako liko kwa parseli gani, tukupatie jetoni?" Akaangalia karatasi, akaangalia wamama arobaini waliokuwa wanamwangalia, akacheka, akapanda gari. Usibishane na mtu wa namna hiyo wala usimpigie kelele. Mpe kiti na umwonyeshe karatasi. Na kama ameshika silaha, mpe maji, andika kwenye daftari bidoni ngapi, endelea na kazi. Hakuna bidoni yenye thamani ya mtu.

Maji yakifika nyumbani

Hapa kamati haina mamlaka, lakini watu watakuuliza, kwa hiyo ujue la kusema.

Tenga vyombo vitatu. Cha kunywa kiwe na mdomo mwembamba na kifuniko, kikae juu, mtoto asiingize kikombe. Tia klorini: tembe ya miligramu 67 inatosha lita 20 za maji maangavu, subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na ukungu, yachuje kwanza kwa kitambaa safi na uongeze tembe ya pili. Javeli (dawa ya kung'arisha nguo) ya sokoni nisingekushauri kwa maji ya kunywa. Nguvu yake hubadilika kutoka chupa hadi chupa, na nyingine ni maji yenye harufu.

Cha pili ni cha kupikia. Loweka maharagi usiku kucha. Yataiva haraka, utaokoa maji na makaa pamoja. Cha tatu ni cha mikono, na hiki ndicho watu hukimbilia kukipunguza. Usikipunguze. Toboa tundu dogo kwenye kidumu, ziba kwa kijiti, na glasi moja inawatosha watu watano wakiwa na sabuni. Maji ya kuoshea sombe (kisamvu) na mchele yanaosha masufuria mara ya kwanza, kisha yanakwenda chooni. Tone moja lifanye kazi tatu.

Mvua na ziwa

Kwa kufua na kuoga, hesabu yetu ilishasema robine haitoshi. Mvua inasaidia: bati la mita 5 kwa 6, mvua ya milimita 10 tu, ni lita 300. Toa moja ya tano inayopotea, una bidoni 12, zaidi ya haki ya watu kumi na tano kwenye robine. Maji ya kwanza yaache yasafishe bati, hasa wakati mlima unatoa moshi na majivu. Moshi wa volkano unatia floridi katika maji ya mvua, na floridi haiondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini. Meno ya watoto ndiyo yanayolipa. Kwa hiyo mvua ifue nguo, robine iwanyweshe watoto. Na kuanzia Juni hadi Agosti usiitegemee.

Ziwani nenda, lakini bidoni za ziwa zifungwe kitambaa chekundu na zisitumike kamwe kwa maji ya kunywa yaliyotoka kwenye robine. Pakiwa na watu wanaotia klorini ufukweni, pita kwao, hata foleni ikiwa ndefu. Tena usimtume mtoto alfajiri kupita mabondeni upande wa Kyeshero na Bulengo. Mazuku hulala kwenye mashimo usiku, gesi nzito isiyoonekana wala kunusika vizuri, na asubuhi kabla upepo haujavuma ndiyo saa yake ya kuua. Mtoto ni mfupi, anaipumua kabla yako. Ukikuta ndege au mbuzi aliyekufa kwenye shimo bila jeraha, usishuke kumchukua. Ngoja jua lipande.

Kuhesabu upya

Watu wanakuja na kuondoka, hasa hapa kwetu. Kila baada ya miezi mitatu pita tena nyumba kwa nyumba, na kupima robine upya. Sekunde 50 zetu zilikuja kuwa 75, tukashuka hadi lita 10 kwa mtu, tukaandika tena mlangoni kwa chaki. Aliyeshika daftari mwaka mzima alikabidhi kwa mwingine, kurasa zote zikiwemo, hata zile zinazomuaibisha.

Maji yakianza kufika kila siku, usitupe jetoni. Zetu ziko ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati la mshika ufunguo, 201 kubwa na fungu la ndogo zimefungwa kwa uzi. Mara ya mwisho tulifikiri hatutazihitaji tena, watoto wakachezea, na tulipozitafuta zilikuwa zimebaki tisini na nne.